Amplifaya ndogo ya njia mbili: wufa na yake, twita na yake

Spika nyingi za nyumbani zenye wufa na twita hulishwa na amplifaya moja. Umeme wa sauti unaingia kwa nyuma, unakutana na krosova ya koili na kapasita, ndipo besi inaelekea kwenye wufa na sauti nyembamba kwenye twita. Mgawanyo unafanyika mwishoni kabisa, nguvu ikishatengenezwa. Hapa tunaugeuza mpangilio huo. Tunaigawa sauti kwanza, ikiwa bado ndogo, halafu kila kipande kinapewa amplifaya yake. Kwa jozi moja ya spika, kushoto na kulia, zinakuwa amplifaya nne ndogo ndani ya boksi moja.

Ukisikia amplifaya nne unaweza kudhani ni kazi ya kutikisa mtaa. Sivyo. Kila moja ina wati 9 hivi, na kwa sebule ya kawaida zinatosha na kubaki.

Hesabu ya wati 9

Chukua amplifaya inayoweza kufika kilele cha volti 12 kabla haijaanza kukata mawimbi, yaani kuvikata vilele vya sauti kwa kukosa volti. Kwenye spika ya omu 8 hizo ni wati 9: 12 mara 12, gawa kwa 16, ambayo ni omu mara mbili. Sasa tuseme ngoma inataka volti 12, na papo hapo upatu nao unataka volti 12. Amplifaya moja ingelazimika kupanda hadi volti 24, ambazo kwa hesabu ileile ni wati 36. Amplifaya mbili, kila moja na mzigo wake, zinaimaliza kazi hiyo kwa wati 9 na wati 9. Muziki wa kweli haugawanyiki nusu kwa nusu namna hiyo, kwa kuwa sauti za juu kwa kawaida huwa ndogo kuliko besi, kwa hiyo faida yenyewe huwa pungufu ya hapo. Lakini ipo, na utaisikia unapopandisha sauti.

La pili ni usalama wa twita. Besi ikizidi na amplifaya ya wufa ikakata vilele, yale makali yanayozaliwa yanabaki upande wa wufa. Kwenye amplifaya moja, makali hayo ni masafa ya juu, na krosova inayapeleka moja kwa moja kwenye twita kana kwamba ni sehemu ya wimbo.

Tuliweke sawa jambo moja mapema. Zipo spika zenye vishikio vinne nyuma, vimeungwa kwa vipande vya shaba. Ukiviondoa vipande hivyo ukaleta amplifaya mbili bila kuigawa sauti kabla, hujapata faida niliyoieleza. Kila amplifaya bado inabeba volteji ya sauti nzima, besi na upatu pamoja, hata kama spika yake inatumia sehemu tu. Faida inatoka kwenye kugawa kabla. Kwa mradi huu krosova ya ndani ya spika inang'olewa, na waya zinakwenda moja kwa moja kwenye wufa na twita.

Vifaa, na ujanja wa kuvinunua

Moyo wa kazi ni aisi (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) ya TDA2030A, nne. Ni ya zamani, ina miguu mitano tu, na ukiingia maduka ya vipuri vya elektroniki Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi utaikuta. Angalia ile herufi A mwishoni. TDA2030 isiyo na A mwisho wake ni volti 18 kila upande, na sisi tutaligusa hilo. Yenye A inavumilia hadi 22. Ukipata LM1875 au TDA2050, chukua bila wasiwasi. Miguu inafuatana vilevile, na zote mbili zinavumilia volti zaidi.

Bandia zipo nyingi. Mimi napitisha pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha juu ya maandishi. Yakifutika kama chaki, nairudisha. Si kipimo cha uhakika, ila kimeniokoa mara kadhaa. Na nanunua sita ninapohitaji nne.

Vingine ni hivi:

- Transfoma ya 12-0-12, ampia 3. Ampia 5 ni bora ikiwa wufa zako ni za omu 4.
- Briji ya dayodi ya ampia 6, ya kugeuza umeme wa transfoma uwe wa mwelekeo mmoja.
- Kapasita mbili za mikrofaradi 4700, volti 35.
- Regyuleta (za kushikilia volti zisiyumbe) 7809 na 7909, moja moja.
- Opampu (amplifaya ndogo za kushughulikia sauti ikiwa bado ndogo) TL072, sita, pamoja na soketi zake za miguu minane.
- Rezista za kilo-omu 4.7, asilimia 1, angalau 25.
- Kapasita za filamu za nanofaradi 10, angalau 30.
- Potensiometa ya sauti ya kilo-omu 10 au 20, ile ya ghorofa mbili, na trima mbili (potensiometa ndogo za kurekebisha kwa bisibisi) za kilo-omu 10.
- Hitisinki ya alumini yenye mapezi ya kutolea joto, takriban sentimita 15 kwa 10. Ya amplifaya iliyokufa inafaa kabisa.
- Vipande vya ulanga na bushi za plastiki za kuzuia umeme, grisi ya joto, fyuzi, swichi, na boksi la chuma.

Nimesema kapasita 30 ingawa zinazotumika ni 20. Ukiwa na mita inayopima kapasita, zipime zote na uchague 20 zinazokaribiana. Kwenye chujio, kukaribiana huko kuna faida kubwa kuliko jina la kiwanda. Zile kapasita za kauri zenye umbo la sahani usizitumie hapa, maana thamani yake huhama kwa joto na kwa volteji.

Twita iwe ya kuba ya milimita 25, omu 8 au 6. Zile za piezo zilizojaa sokoni hazifai kwa mradi huu. Kwa amplifaya zinaonekana kama kapasita tupu, na amplifaya inaweza kuanza kutetema yenyewe. Wufa ya inchi 5 au 6.5 inafanya kazi vizuri.

Umeme

Hapa ndipo penye hatari ya kuua mtu, kwa hiyo hapaendi haraka. Umeme wa ukutani ni volti 230 hadi 240. Waya wa moto unapita kwenye fyuzi ya miliampia 500 ya aina ya kuchelewa, kisha swichi, kisha transfoma. Waya wa ardhi unafungwa kwa skrubu kwenye boksi la chuma, rangi ikiwa imekwanguliwa mpaka chuma king'ae. Kila kiungo cha upande huu kivishwe mpira. Usijenge kitu hiki ndani ya boksi la chuma ukatumia plagi ya pini mbili.

Ncha mbili za nje za transfoma zinaingia kwenye briji. Ncha ya kati haiendi kwenye briji; hiyo ndiyo sifuri yetu. Chanya ya briji inakwenda kwenye kapasita ya kwanza ya 4700, hasi ya briji kwenye ya pili, na pale kapasita mbili zinapokutana ndipo ncha ya kati inapoungwa. Kumbuka kapasita ya upande wa hasi inageuzwa: mguu wake chanya ndio unaokaa kwenye sifuri. Weka rezista ya kilo-omu 2.2, nusu wati, sambamba na kila kapasita ili zijimwage ukizima.

Utapata volti ngapi? 12 mara 1.414 ni 17, toa kidogo ya dayodi. Lakini transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa, na umeme wa mtaa hupanda usiku, kwa hiyo kukuta 18 au hata 19 ni kawaida. Ndiyo maana nimesisitiza ile A. Mzigo ukiingia zitashuka hadi 15 hivi.

Kushuka huko ndiko kulikonifanya nichague regyuleta za volti 9 kwa ajili ya opampu. Michoro mingi inaweka 7812 na 7912. Regyuleta ya 12 inataka kama 14.5 upande wa kuingilia ili ifanye kazi, na besi ikipiga sana tutakuwa tumekaribia hapo. Kwa volti 9 tuna nafasi ya kutosha, na opampu bado zinatoa volteji mara nyingi zaidi ya tunayohitaji.

Tahadhari: miguu ya 7809 na 7909 haifanani. Ukiitazama usoni, 7809 kutoka kushoto ni ingizo, sifuri, mtoko. 7909 ni sifuri, ingizo, mtoko. Na bati la mgongoni la 7809 ni sifuri, lakini la 7909 ni ingizo, yaani hasi ya umeme. Usizifunge zote mbili kwenye chuma kimoja bila ulanga. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye ingizo la kila moja na mikrofaradi 10 kwenye mtoko.

Krosova: thamani mbili tu

Hii ndiyo sehemu niipendayo. Tunatumia mpangilio wa Linkwitz na Riley, wahandisi wawili waliokuwa Hewlett-Packard, uliochapishwa mwaka 1976. Sifa yake ni kwamba mahali besi inapokabidhi kwa twita, kila upande uko chini kwa desibeli 6, na zikijumlishwa zinarudi sawasawa bila nundu wala shimo. Mteremko wake ni desibeli 24 kwa kila oktava (kila masafa yanapoongezeka au kupungua mara mbili), mkali kiasi kwamba twita haiguswi na besi. Aina hii pia haihitaji kugeuza polariti ya twita, yaani kubadilishana chanya na hasi yake.

Unaujenga kwa kufuatanisha machujio mawili yanayofanana, kila moja likiwa na opampu moja. Ukipanga vizuri, sehemu zote zinakuwa ama rezista ya 4.7 ama kapasita ya nanofaradi 10, na mgawanyo unatua kwenye Hz 2394. Tuite 2400.

Sauti inapoingia inapita kwanza kapasita ya mikrofaradi 1, kisha potensiometa, kisha opampu ya kwanza ambayo haikuzi chochote: mguu wake hasi umeungwa moja kwa moja na mtoko. Kutoka mguu wake chanya weka rezista ya kilo-omu 220 kwenda sifuri, ili potensiometa ikichakaa na kuachia, opampu isibaki inaning'inia. Usiiruke hatua hii. Machujio yanataka kulishwa na chanzo imara. Ukiyalisha moja kwa moja kutoka kwenye potensiometa, mgawanyo utahama kila unapozungusha sauti. Na kwa kuwa potensiometa iko kabla ya mgawanyo, wufa na twita zinapanda na kushuka pamoja.

Chujio la twita. Kutoka opampu ya kwanza, kapasita ya 10 inafuatwa na kapasita ya 10, kisha mguu chanya wa opampu. Katikati ya kapasita hizo mbili, rezista moja ya 4.7 inakwenda kwenye mtoko wa opampu hiyohiyo. Kutoka mguu chanya, rezista mbili za 4.7 zilizofuatana, jumla 9.4, zinakwenda sifuri. Mguu hasi umeungwa na mtoko. Rudia yote kwa opampu inayofuata. Mwisho weka trima ya kilo-omu 10: ncha moja kwenye mtoko, nyingine sifuri, na ya kati ndiyo inayokwenda kwenye amplifaya ya twita.

Chujio la wufa. Ni kama kioo cha lile la kwanza. Rezista ya 4.7 inafuatwa na rezista ya 4.7, kisha mguu chanya. Katikati yake, kapasita mbili za 10 zilizo sambamba, jumla 20, zinakwenda kwenye mtoko. Kutoka mguu chanya, kapasita moja ya 10 inakwenda sifuri. Mguu hasi kwenye mtoko. Rudia.

Hesabu: kapasita 10 na rezista 10 kwa upande mmoja wa stirio, opampu tano. TL072 ina opampu mbili ndani, kwa hiyo aisi tatu zinakupa sita, na moja inabaki. Usiiache wazi. Unganisha mguu wake hasi na mtoko, na mguu chanya kwenye sifuri. Miguu ya TL072 ni 1 mtoko, 2 hasi, 3 chanya, 4 umeme hasi, 5 chanya, 6 hasi, 7 mtoko, 8 umeme chanya. Kila aisi ipewe kapasita mbili za nanofaradi 100 karibu nayo, moja kutoka mguu 8 kwenda sifuri, nyingine kutoka mguu 4.

Twita yako ikiwa ndogo na inaogopa kushuka chini, badili rezista zote za 4.7 kwa pamoja. Za 3.9 zinakupeleka Hz 2890, za 3.3 zinakupeleka 3410. Ukiwa na twita imara na wufa kubwa, za 5.6 zinashuka hadi 2010. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mgawanyo uwe angalau mara mbili ya masafa ya mlio wa asili wa twita, yale yanayoandikwa Fs kwenye karatasi yake. Twita nyingi za kuba za milimita 25 zina Fs kati ya 800 na 1500, kwa hiyo isome karatasi kabla hujaunguza lehemu.

Amplifaya zenyewe

Miguu ya TDA2030A: 1 ingizo chanya, 2 ingizo hasi, 3 umeme hasi, 4 mtoko, 5 umeme chanya. Jenga nne zinazofanana kabisa. Usijaribu kuzitofautisha za twita, itakuchanganya siku ya matengenezo.

Sauti kutoka krosova inapita kapasita ya mikrofaradi 1 hadi mguu 1, na mguu 1 una rezista ya kilo-omu 22 kwenda sifuri. Kutoka mguu 4 rezista ya kilo-omu 22 inarudi mguu 2. Kutoka mguu 2, rezista ya omu 680 inafuatwa na kapasita ya mikrofaradi 22 kwenda sifuri. Hizo mbili, 22,000 na 680, ndizo zinazoamua ukuzaji: mara 33. Usizichezee kupunguza sana, maana aisi hii hutulia ikiwa na ukuzaji mkubwa tu.

Kwenye mtoko weka rezista ya omu 1 ikifuatwa na kapasita ya nanofaradi 220 kwenda sifuri. Wengi huziruka kwa sababu bila hizo amplifaya bado inaimba. Inaimba, lakini inaweza pia kuwa inatetema kwa masafa usiyoyasikia, inachemka bila sababu, na twita inapokea joto hilo kimyakimya. Weka dayodi mbili za 1N4001: moja kutoka mguu 4 kwenda mguu 5, nyingine kutoka mguu 3 kwenda mguu 4, mistari yake yote ikielekea upande wa chanya. Kapasita za nanofaradi 100 zikae milimita chache tu kutoka mguu 5 na mguu 3, na pembeni yake mikrofaradi 220 kwa kila upande wa umeme.

Bati la mgongoni la TDA2030A limeungwa na mguu 3, yaani volti 16 hasi. Kila aisi ikae juu ya ulanga wenye grisi, na skrubu ipite ndani ya bushi ya plastiki. Ukimaliza, pima kwa mita kati ya bati la kila aisi na hitisinki. Mita isilie hata kidogo. Mara ya kwanza nilipima tatu, nikaiamini ya nne kwa kuwa nilikuwa na haraka ya futari. Nilipowasha, fyuzi ikaondoka na mlio, na watoto wakacheka.

Sifuri moja, mahali pamoja

Kazi inaweza kuwa safi mpaka hapa na bado mtu akaharibu yote kwa waya za sifuri. Ile waya fupi inayounganisha kapasita mbili za 4700 inabeba mapigo makali ya kuchaji, mara 100 kwa sekunde. Usifunge kitu kingine chochote juu yake. Toa waya mmoja mnene na mfupi kutoka hapo hadi kwenye skrubu moja, na skrubu hiyo iwe kitovu cha kila kitu: sifuri ya bodi ya krosova, sifuri ya kila amplifaya, na waya za hasi za spika zote nne, kila mmoja kivyake. Waya wa hasi wa spika usirudi kwenye bodi ya amplifaya. Kitovu hicho kiungwe na boksi mahali pamoja tu, karibu na skrubu ya ardhi, na soketi za kuingizia sauti zitenganishwe na chuma cha boksi kwa washa za plastiki.

Transfoma ikae kona moja, krosova na potensiometa kona ya mbali nayo. Waya za sauti zipite upande wake, za umeme upande wake, na zikilazimika kukutana zivukane kama njia panda, zisitembee pamoja.

Kuwasha bila kulia

Usiwashe moja kwa moja. Funga taa ya zamani ya uzi, wati 40 au 60, mfululizo na waya wa moto. Kukiwa na shoti, taa itawaka kwa nguvu na kitu chako kitapona. Kukiwa salama, taa itamulika kwa nukta moja kapasita zinapojaa, halafu itafifia.

Washa kwanza umeme peke yake, aisi zikiwa bado hazijaungwa. Pima chanya, hasi, na zile 9 mbili. Zima, subiri kapasita zijimwage, pachika opampu. Washa tena, pima mguu 1 na mguu 7 wa kila TL072. Kila mmoja uwe karibu na sifuri. Ukikuta volti 7 mahali fulani, kuna kiungo kibaya au rezista iliyokwenda shimo la jirani. Kisha unga amplifaya moja, moja. Bila spika, pima DC (umeme wa mwelekeo mmoja) kwenye mtoko: chini ya milivolti 50 ni sawa. Ukikuta volti kadhaa, usithubutu kuunga spika.

Sasa spika, lakini si zako. Tumia spika ya redio ya zamani ambayo hutaililia. Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni. Toni ya Hz 200 isikike kwenye mtoko wa wufa pekee, ya Hz 8000 kwenye mtoko wa twita pekee. Andika kila mtoko kwa rangi, si kwa karatasi ya gundi. Kwangu karatasi iliachia kwa joto, nikaibandika upya kwa kukisia, nikaiunga twita mahali pa wufa na kuwasha singeli. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi mbili.

Tangu siku hiyo kila twita ninayoiunga inapata kapasita ya mikrofaradi 47 isiyo na polariti, mfululizo nayo. Kwenye omu 8 inaanza kukata chini ya Hz 420 hivi, mbali na mgawanyo wetu, lakini inazuia DC na ule mshtuko wa kuwasha. Usipoipata, funga mbili za mikrofaradi 100 za kawaida, hasi kwa hasi.

Mtu mwenye betri ya sola ya volti 12 ataniuliza kama anaweza kuiendesha. Si kwa mchoro huu, kwa sababu hatuna volti hasi. Mlango wake ni TDA7297, yenye amplifaya mbili ndani zinazosukuma spika kutoka ncha zote mbili. Akishika hiyo, akumbuke kwamba hakuna ncha ya spika inayoruhusiwa kugusa sifuri, na krosova itahitaji sifuri bandia katikati ya 12.

Mvumo na mkwaruzo

Ukiwasha bila muziki na ukasikia kitu, sikiliza tabia yake kabla hujashika pasi ya lehemu. Mvumo mzito, laini, wa Hz 50, mara nyingi unatoka kwenye transfoma iliyo karibu mno na krosova, au kwenye sifuri inayozunguka kupitia kifaa kingine. Chomoa waya wa kuingizia sauti: ukitoweka, tatizo liko nje ya boksi. Mkwaruzo mkali wa Hz 100 ni mapigo ya kuchaji yaliyoingia kwenye sifuri ya sauti. Rudi kwenye ile skrubu ya kitovu. Mvumo unaopanda ukizungusha sauti umeingia kabla ya potensiometa. Usiopanda umeingia baada yake.

Kuisawazisha

Fungua trima zote mbili hadi mwisho. Piga toni ya Hz 2400 kwa sauti ndogo na upime AC kwenye mtoko wa wufa na wa twita wa upande mmoja. Mita za bei rahisi hudanganya kwenye masafa ya juu, lakini hapa hatutafuti thamani ya kweli, tunalinganisha vitu viwili kwenye masafa yaleyale. Vikikaribiana, machujio yako ni mazima. Vikipishana sana, kuna kapasita isiyo na mwenzake.

Halafu polariti. Unga spika halisi, kaa mbele yake kwa mita 2, piga toni hiyohiyo, na mtu mwingine akugeuzie waya za twita. Namna moja sauti itakuwa imejaa, nyingine itapwaya. Chagua iliyojaa, hata kama ni ile ya kugeuza polariti. Umbali wa twita na wufa ndani ya boksi huweza kubadili jibu.

Kiwango cha twita nakipanga kwa sauti ya mtu, si kwa muziki. Taarifa ya habari inafaa sana. Herufi S za msomaji zikichoma sikio, punguza trima. Akisikika kama anazungumza kutoka ndani ya mtungi, ongeza. Twita nyingi zina kelele kuliko wufa iliyo ndani ya boksi, kwa hiyo trima huishia mahali fulani baada ya nusu. Fanya upande mmoja, kisha mwingine, kisha zote pamoja: msomaji asimame katikati ya spika mbili, asivutwe upande. Sikiliza siku tatu kabla ya kuamua, kwa sababu masikio ya usiku wa kwanza yana furaha kupita kiasi. Baada ya saa nzima ya muziki weka kidole juu ya hitisinki. Ukiweza kukiacha hapo kwa sekunde 5, funga kifuniko. Usipoweza, toboa matundu juu na chini ya boksi hewa ipite.

Ukishapata mahali panapokuridhisha, dondoshea tone la rangi ya kucha kwenye skrubu ya kila trima ili isitembee. Ile dawa ya kuiondolea unayo tayari.